Mama yangu mzazi amekataa kunirudishia mwanangu. Naanzia wapi?

Tumaini_Langu (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Nina binti wa miaka sita. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu niliugua, ugonjwa wa kulazwa na kutoka, kulazwa na kutoka, na sikuwa na mwenza wa kusaidiana naye. Mama yangu mzazi akajitolea kumchukua mjukuu wake mpaka nipate nafuu. Hatukuandikishana popote, yalikuwa maneno ya mama na mwanawe. Nilipona. Nikapata kazi mji mwingine, nikawa natuma matumizi kila mwezi na kwenda kumwona kila nilipopewa ruhusa kazini. Leo nina kazi ya kudumu, nyumba ina chumba chake, shule iko jirani. Nilipomwambia mama kwamba nataka mtoto aanze mwaka mpya wa masomo akiwa kwangu, alinijibu kwa neno moja tu: haendi.

Tangu hapo nikipiga simu naambiwa amelala, hata kama ni saa kumi jioni. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta ameketi sakafuni na sare ya shule, anafanya hesabu kwa kipenseli kilichobaki kidogo mno hata vidole vyake vilikuwa vinagusa karatasi. Akaniamkia kwa adabu zote. Kisha akageuka: "Mama, anti amekuja." Mama alisikia, akanyamaza.

Ndugu wamegawanyika. Kaka mkubwa anasema mama hashtakiwi, nikithubutu kukanyaga mahakamani nisimwite kaka tena. Mdogo wangu ananiambia nimvizie mtoto akitoka shule, nipande naye basi, yaishe. Mimi nampenda mama yangu na sijasahau alivyoniokoa. Lakini huyu ni mwanangu, na kila mwezi unaokwisha nazidi kuwa mtu wa mbali kwake.

Je, bibi ana haki ya kumzuia? Mahakama itamtazamaje mama ambaye mtoto hakulelewa mikononi mwake? Na haya yanaweza kufanyika bila familia kusambaratika?

Nahodha

Pole sana dada. Ila mbona jambo liko wazi? Cheti cha kuzaliwa kina jina lako. Nenda kamchukue mwanao. Bibi ni bibi, mzazi ni wewe.

Mtu wa Sheria

Nahodha, kwa heshima zote, ushauri huo umewaponza wazazi wengi. Dada, usimvizie mtoto shuleni. Hata kama sheria ya nchi yako inakutambua wewe kuwa ndiye mwenye haki ya malezi, siku utakayomvuta mtoto getini huku analia, bibi atakwenda kuomba amri ya dharura, na kitu cha kwanza hakimu atakachokisoma kukuhusu ni tukio hilo. Mzazi anaweza kuwa na kesi nzuri akaiharibu asubuhi moja.

Swali la kwanza ambalo wakili yeyote atakuuliza: kuna karatasi gani? Namaanisha amri ya mahakama, hati ya ulezi wa kisheria, au mtoto kuasiliwa, yaani kufanywa kisheria kuwa mtoto wa mtu mwingine. Hayo matatu yanatofautiana mno. Kama hakuna chochote, na umesema hakuna, basi mtoto yuko kwa bibi kwa ridhaa yako, na kwa kawaida haki zako za mzazi ziko palepale, maana ridhaa ya mdomo haizifuti. Kama kuna amri, lazima uende kuomba ibadilishwe, na utatakiwa kuonyesha kwamba hali imebadilika tangu ilipotolewa. Kama mtoto ameasiliwa, hiyo ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kuasili hukata uhusiano wa kisheria na mzazi wa kwanza. Kaulize masjala ya mahakama ya eneo anakoishi mtoto kama kuna shauri lolote limefunguliwa. Usiamini kwamba halipo kwa sababu tu hujawahi kuitwa.

Sasa haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 9, unasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake bila ridhaa yao, isipokuwa mamlaka halali iamue, chini ya usimamizi wa mahakama, kwamba kutengana huko ni lazima kwa maslahi ya mtoto. Bibi si mamlaka. Hawezi kukaa sebuleni kwake akaamua hilo peke yake. Hapo una msingi imara.

Lakini kifungu cha 3 cha mkataba huohuo kinataka maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema hivyohivyo kwenye kifungu cha 4. Shauri likifika mbele ya hakimu, swali litakuwa mtoto huyu, mwenye umri huu na mazoea haya, atakuwa salama na mtulivu zaidi wapi. Uzazi wako unaingia humo ndani kama sehemu ya jibu. Haumalizi jibu.

Ndiyo maana nakuambia adui yako hapa ni muda. Nikupe kesi inayofanana na yako. Hokkanen dhidi ya Finland, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Septemba 1994. Mke alifariki mwaka 1985, mume akamwacha binti yao mdogo kwa wazazi wa marehemu, kwa makubaliano kwamba ni kwa muda. Alipomtaka mtoto, babu na bibi wakagoma. Mahakama za nchini kwake zikathibitisha kuwa yeye ndiye mwenye haki ya malezi na kwamba lazima akutanishwe na mtoto. Wakwe hawakutii. Akafungua hili, akafungua lile, miaka ikapita. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikahamishia malezi kwa babu na bibi, kwa sababu mtoto alikwishakaa kwao muda mrefu na pale ndipo alipopaona nyumbani. Alipofika Mahakama ya Ulaya akashinda nusu: nchi yake ilikiuka haki yake ya maisha ya familia kwa kushindwa kumhakikishia kuonana na mwanawe. Malezi kuhamishwa, mahakama haikuona kosa.

Baba yule alikuwa na karatasi zote mkononi, akakosa miaka ya kukaa na mtoto. Kwa hiyo dada, usianze na "nataka kumchukua". Anza na "nataka kumwona, kwa ratiba inayojulikana", na uanze wiki hii.

Nahodha

Mtu wa Sheria, unataka kusema mzazi hana uzito kumshinda bibi? Mbona kuna nchi mzazi anapewa kipaumbele waziwazi?

Mtu wa Sheria

Zipo, na ni kweli mahakama hazifanani. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Troxel dhidi ya Granville, ilishughulikia babu na bibi waliotaka kukaa na wajukuu zaidi ya mama alivyoridhia, baba wa watoto akiwa amefariki. Mahakama ikasema uamuzi wa mzazi anayefaa lazima upewe uzito wa pekee, hakimu asiupuuze kwa kuwa tu yeye angeamua vingine.

Sasa tazama upande wa pili. Novemba 2009, Mahakama ya Juu ya Uingereza, shauri linalojulikana kama Re B. Mtoto alikuwa karibu kutimiza miaka minne, ameishi kwa bibi mzaa mama tangu kuzaliwa, baba akamtaka. Ngazi ya kwanza ilimwacha kwa bibi. Jaji wa juu yake akampa baba, kwa hoja kwamba ni vyema mtoto alelewe na mzazi wake. Mahakama ya Juu ikarudisha uamuzi wa kwanza: kuwa mzazi kuna thamani kwa kadiri kunavyochangia ustawi wa mtoto, basi.

Mleta uzi hajui atampata hakimu wa mwelekeo upi. Ajiandae kwa yule mgumu. Na asisahau kwamba kwenye Troxel mama alikuwa akiishi na watoto wake mwenyewe. Huku mtoto yuko kwa bibi.

Tumaini_Langu

Asanteni sana. Nimesoma habari ya huyo baba nikalazimika kuweka simu chini kwanza. Nitakwenda masjala. Sidhani kama mama amefungua chochote, ila nitahakikisha.

Kuna jambo linaniumiza kuliko hayo ya sheria. Mtoto hanikimbilii. Nikimkumbatia anasimama wima tu, mikono chini. Mama ananiambia, "Unaona mwenyewe, hakutaki."

Kisima

Dada, nimefanya kazi na watoto waliotenganishwa na wazazi wao kwa miaka mingi, na hilo la mikono chini nimeliona sana. Nakuomba usilipokee kama mama yako anavyolisoma.

Mtoto wako alikuwa na mwaka mmoja na nusu ulipoondoka. Miaka ya 1950 James Robertson na John Bowlby walieleza kinachompata mtoto wa umri huo akitengwa na mama yake, Robertson akiwa amewatazama kwa macho yake watoto waliolazwa hospitalini. Kwanza mtoto analia na kumtafuta. Baadaye ananyamaza, anasinyaa, watu wanadhani ametulia. Mwisho anajifunga: anacheza, anakula, na mama akitokea anamtazama kama mtu baki. Wauguzi wa enzi hizo waliona mtoto wa hatua hiyo ya tatu amezoea, wakafurahi. Robertson na Bowlby wakasema hapana, huko ni kujikinga.

Bintiyo amekua, ana miaka sita, ana bibi anayempenda, hivyo sisemi yuko katika hali ya watoto wale. Nasema kwamba kutokukimbilia si kukukataa. Hana kumbukumbu ya kuishi na wewe, na watoto hujenga ukaribu kwa mambo madogo yanayojirudia: nani ananiogesha, nani anajua naogopa giza, nani aliahidi Jumamosi na Jumamosi akaja. Hivyo ndivyo vitu ambavyo simu na matumizi ya kila mwezi haviwezi kufanya.

Kwa hiyo nenda polepole, lakini usikatize. Mwanzo saa chache palepale kwa bibi, bibi akiwepo. Mfanye naye hesabu zake, msichukue hiyo kazi kama ya bibi peke yake. Baadaye mtoke wawili mchana mzima. Halafu alale kwako usiku mmoja, akiwa na nguo zake, shuka lake, na ruhusa ya kumpigia bibi kabla ya kulala. Halafu wikendi, halafu likizo. Kuhama kabisa kufanyike muhula unapokwisha, si katikati. Usiniulize wiki ngapi kwa kila hatua, mtoto ndiye atakayeonyesha. Akirudi nyuma, akakojoa kitandani au akawa mkali, usiogope na usiache. Punguza mwendo.

Na hapo kwenye "mama" na "anti": usimsahihishe mtoto. Usimwambie "mimi ndiye mama yako wa kweli". Kwa miaka yote anayoikumbuka, aliyempa uji na kumpeleka hospitali ni bibi yake. Ukimvunjia hilo unamvunja yeye. Mwache akuite atakavyo kwa sasa.

Bibi wa Wanne

Mwanangu, niruhusu niseme kama bibi. Nalea wajukuu, na mama yao yupo.

Mama yako si mchawi. Alipewa kichanga cha mtu mgonjwa, na ndani ya moyo wake alikuwa anajiandaa kwa msiba wa wewe. Ndicho ambacho hatuwaambii nyinyi watoto wetu. Tunalea mjukuu huku tunahesabu kwamba pengine yeye ndiye atakayebaki. Kisha unapona, tunamshukuru Mungu, na siku moja unatuambia "namchukua" kama mtu anayekuja kuchukua mzigo aliouacha stoo. Umri wetu huu usiku ni mrefu. Huyo mtoto ndiye anayempa mama yako sababu ya kuamka mapema.

Simtetei kwa kukufichia simu. Hapo amekosea, na kukuacha uitwe anti mbele yake amekosea zaidi. Lakini ukitaka akuachie, mwambie mambo matatu kwa kinywa chako. Kwamba ugonjwa ukirudi unao mpango, na mpango huo ni upi. Kwamba mtoto atakuja kwake, lini, kwa muda gani. Na kwamba unajua alichokifanya. Hilo la mwisho umelisema hapa kwetu. Kwake umewahi kulisema?

Huyo kaka yako anayesema mama hashtakiwi, muulize yeye amekwenda mara ngapi kuzungumza na mama kwa niaba yako. Mpe kazi hiyo. Akishindwa, basi asikuzuie njia nyingine.

Tumaini_Langu

Shikamoo mama. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa anajiandaa kwa msiba wangu. Umenitoa machozi. Hapana, kwa maneno hayo sijawahi kumwambia.

Pazia

Nimepita huko kama baba, upande wa mama mkwe, nikampata mwanangu baada ya mahakama. Niongezee yale ambayo hakuna aliyeniambia mapema.

Weka kumbukumbu za malipo yote, hasa yaliyopita kwenye simu au benki, maana fedha taslimu uliyompa mama mkononi haina shahidi. Andika daftari: tarehe uliyopiga, saa, ulichojibiwa. Andika yaliyotokea tu, bila matusi, maana linaweza kuja kusomwa na hakimu. Tafuta barua ya daktari inayosema afya yako ikoje sasa. Hiyo kwako ni muhimu kuliko hata mkataba wa kazi, kwa sababu ugonjwa ndio uliomtoa mtoto mikononi mwako na ndiyo hoja watakayoanza nayo. Nenda shuleni kwake kwa amani, jitambulishe kwa mwalimu, omba ripoti za maendeleo. Mwalimu wa mwanangu alipoulizwa alisema nilikuwa nahudhuria vikao, na hilo lilinisaidia kuliko maneno yote ya wakili.

Afisa ustawi wa jamii atakuja nyumbani kwako. Ataangalia mtoto atalala wapi, nani atakuwa naye ukiwa kazini, shule iko umbali gani. Mimi nilijiandaa na chumba kizuri, yeye akaniuliza mtoto akipata homa saa nane usiku na mimi niko zamu, nani anaamka. Sikuwa na jibu siku hiyo, ikabidi aje tena. Wewe kuwa nalo. Na atakwenda kwa bibi pia, na atazungumza na mtoto. Kifungu cha 12 cha ule mkataba alioutaja Mtu wa Sheria kinampa mtoto haki ya kusikilizwa kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Miaka sita hakimu hataacha mtoto aamue, ila atataka kujua anajisikiaje. Usimfundishe cha kusema. Maofisa hao wanatambua mara moja mtoto aliyefundishwa, awe amefundishwa na wewe au na bibi.

Kuhusu familia kusambaratika: kwetu ilisambaratika kwanza, ikarudi baadaye, na kilichoirudisha ni kwamba amri yenyewe iliandika siku za bibi. Mama mkwe alipoona siku zake zimeandikwa na mhuri umegongwa, hofu ikamwisha. Usimwogope hakimu kwa ajili ya mama yako. Wakati mwingine karatasi inamlinda yeye pia.

Mtu wa Sheria

Pazia amesema jambo zito. Naongezea mpangilio. Kabla ya kufungua shauri jaribuni usuluhishi: afisa ustawi, mzee ambaye nyote mnamheshimu, au msuluhishi wa mahakama pale anapopatikana. Mkikubaliana, andikeni, muombe mahakama iyape makubaliano hayo nguvu ya amri. Hapo hakuna aliyemshtaki mwenzake, mnakwenda pamoja na karatasi moja. Kaka yako hatakuwa na la kusema.

Mama akikataa hata kukaa mezani, fungua shauri, na siku hiyohiyo omba amri ya muda ya kuonana na mtoto wakati shauri linaendelea. Wengi huisahau, shauri linakwenda miezi na miezi hawajamwona mtoto, halafu wanaulizwa kwa nini mtoto hawazoei. Kama huna uwezo wa wakili, ulizia vituo vya msaada wa kisheria, na baadhi ya mahakama zina utaratibu wa kujaza fomu mwenyewe kwa kusaidiwa na karani.

Tumaini_Langu

Nimekaa na kaka jana usiku. Hajakubali yote, ila amekubali kunisindikiza kwa mama. Nimeandika ujumbe wa kumtumia mama kabla hatujaenda. Naomba mniangalizie:

"Mama shikamoo. Najua bila wewe mwanangu asingekuwa hai na mimi nisingepona kwa amani. Sitaki kumtoa mikononi mwako ghafla. Naomba kuanzia Jumamosi hii nije kukaa naye saa tatu hadi saa saba, hapo hapo nyumbani, wewe ukiwepo. Baadaye tupange pamoja hatua nyingine. Nikiugua tena, dada amekubali kuja kukaa nasi, na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Tukishindwa kuelewana nitalazimika kwenda mahakamani."

Kisima

Ni mzuri. Saa nne mfululizo kwa mara ya kwanza ni nyingi kidogo kwa mtoto, anza na mbili.

Bibi wa Wanne

Ondoa sentensi ya mwisho. Atasoma hiyo tu, zote za juu zitapotea. Na usiutume, mwanangu. Nenda, kaa chini karibu naye, uyaseme. Kaka yako akae nje kwanza.

Mtu wa Sheria

Naungana na mama hapo juu, na sentensi hiyo kisheria haikuongezei chochote. Mkishamaliza kuzungumza, ndipo utume ujumbe mfupi wa kuthibitisha: siku, saa, mahali, na "asante mama kwa kukubali". Akijibu hata kwa neno moja, uhifadhi. Asipokubali, uandike hivyohivyo ulichoomba na tarehe, kisha Jumatatu uwe kwa afisa ustawi.

Tumaini_Langu

Nimeifuta. Tunaondoka kesho na basi la asubuhi. Masjala nilipita leo, hakuna shauri lolote kwa jina la mtoto.